Bwana Shamba Anajibu: Mzula wa Baridi na Kofia Ngumu ya Baiskeli



 

Mwezi huu naacha kidogo habari za mbolea na viazi. Nataka tuzungumze juu ya kichwa cha mkulima. Jembe likivunjika mpini, tunachonga mwingine. Kichwa kikivunjika, hakuna fundi wa kuchonga kingine.

Swali limetoka kwa ndugu mmoja wa Makete anayepeleka maziwa kwa baiskeli. Anaondoka nyumbani saa 11 alfajiri. Huu ni msimu wa baridi kali. Anayo kofia ngumu ya baiskeli, ambayo wengine huiita helmeti. Akivaa mzula chini ya kofia hiyo, kofia haimkai. Akivua mzula, masikio yanamuuma. Sasa kofia ngumu ameitundika ukutani. Anauliza afanye nini.

Swali hili si la mtu mmoja. Asubuhi za Juni na Julai, Njombe, Makete, Mufindi na Mbeya, utakuta waendesha baiskeli wengi wamevaa mizula minene. Kofia ngumu, kama ipo, imefungwa kwenye usukani au nyuma kwenye karia. Kofia iliyofungwa kwenye usukani inalinda usukani. Haimlindi mtu.

Jibu langu ni hili. Unaweza kuvaa vyote viwili, kofia ngumu na kitambaa cha kuzuia baridi. Lakini kofia ngumu ndiyo mwenye nyumba. Kitambaa cha ndani ni mgeni. Mgeni hukaa kwenye nafasi iliyobaki. Hamtoi mwenye nyumba kitandani kwake.

Tuendelee polepole, hatua kwa hatua.

KOFIA NGUMU HUFANYAJE KAZI?

Chukua kofia ngumu ya baiskeli uitazame vizuri. Ina sehemu 4.

Sehemu ya kwanza ni gamba la nje. Gamba hili ni gumu na linateleza.

Sehemu ya pili ni povu gumu lililo chini ya gamba. Linafanana na povu jeupe linalokuja ndani ya boksi la televisheni mpya.

Sehemu ya tatu ni vipande vya sponji laini vilivyobandikwa ndani. Hivi ndivyo vinavyogusa kichwa.

Sehemu ya nne ni mikanda inayofungwa chini ya kidevu.

Kazi kubwa hufanywa na lile povu gumu. Mtu akianguka, kofia hupiga chini. Povu hubonyea. Likibonyea hula nguvu ya pigo. Kichwa hakisimami kwa ghafla, bali husimama taratibu kidogo. Ni kama yai. Yai likianguka juu ya jiwe, hupasuka. Likianguka juu ya pumba nyingi, huweza kupona. Povu ndilo pumba la kichwa chako.

Faida yake imepimwa. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Australia, Jake Olivier na Prudence Creighton, walikusanya matokeo ya tafiti 40 za nchi mbalimbali. Tafiti hizo zilihusu waendesha baiskeli zaidi ya 64,000 walioumia. Waliona kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa karibu nusu. Hatari ya kuumia vibaya kichwani ilipungua zaidi, kwa karibu sehemu 7 kati ya 10.

Lakini povu haliwezi kukusaidia kama kofia imeruka. Kofia lazima iwe kichwani wakati kichwa kinapofika chini. Hapo ndipo mzula mnene unapoleta taabu.

MZULA MNENE UNA HATARI GANI?

Ukivaa mzula mnene wa sufu chini ya kofia ngumu, mambo matatu hutokea.

Jambo la kwanza: kofia hupanda juu. Haikai tena kwenye paji la uso. Hukaa utosini kama kuku kwenye tawi. Paji la uso na kisogo hubaki wazi.

Jambo la pili: mkanda wa kidevuni huwa mfupi. Mtu hushindwa kuufunga. Akiufunga, humkaba koo. Basi huuacha unaning'inia.

Jambo la tatu: kofia huteleza. Sufu nene hubonyea na kucheza. Hata ukikaza mkanda, kofia inaweza kuzunguka na kwenda upande mmoja.

Nitawapa mfano wa kijiji kimoja cha huku kwetu. Kijana mmoja alikuwa akiteremka mlima na madumu 2 ya maziwa. Alikuwa amevaa mzula uliokunjwa mara mbili. Juu yake alikuwa ameweka kofia ngumu. Mkanda haukufungwa kwa sababu haukufika. Tairi la mbele likagonga jiwe, naye akaanguka kifudifudi. Kofia ilitoka kabla kichwa hakijafika chini.

Watu walikuta kofia mtaroni. Ilikuwa nzima, bila hata mkwaruzo. Kichwa ndicho kilichopasuka. Kijana alipona, lakini alikaa hospitali wiki 3. Mdogo wake aliacha masomo muda huo wote ili kukamua ng'ombe na kukata majani. Hivyo jiwe moja liliumiza nyumba nzima.

Kijana huyu alikuwa na kofia ngumu, na alikuwa na mzula. Kilichomponza ni jinsi vilivyovaliwa pamoja.

BARIDI HUTOKA WAPI?

Ili tujue kitu cha kuvaa, kwanza tujue baridi inatuingiaje.

Baridi ya kwanza ni ya mwinuko. Kila unapopanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, joto hupungua kwa karibu nyuzi 6. Kitulo iko karibu mita 2,600 juu ya bahari. Ndiyo maana mtu wa Dar es Salaam analala bila blanketi, na wewe wa Kitulo unaamka unakuta sakitu nyeupe juu ya majani.

Baridi ya pili ni ya upepo. Baiskeli inapokwenda, inatengeneza upepo wake. Kama hewa ina nyuzi 5, na wewe unateremka kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa, ngozi ya uso husikia baridi ya karibu nyuzi 0. Hiyo ni baridi ya maji yanayoanza kuganda. Unapopanda mlima, unakwenda polepole, na upepo huo haupo.

Baridi ya tatu ni ya jasho. Ukipanda mlima unatoka jasho. Ukianza kuteremka, upepo unalikausha lile jasho, na jasho likikauka huondoka na joto la mwili. Ndiyo maana mtu hutetemeka akiteremka ingawa alipokuwa akipanda aliona joto.

Sasa sikilizeni jambo moja. Watu wengi huamini kwamba joto karibu lote la mwili hutokea kichwani. Si kweli. Kichwa ni karibu sehemu 1 tu kati ya 10 za mwili, na joto linalotoka hapo linalingana na ukubwa wake. Lakini masikio na uso husikia baridi upesi. Ni sehemu zilizo wazi, na masikio hayana nyama.

Maana yake ni nini? Utosini hakuhitaji blanketi. Utosi tayari umefunikwa na kofia ngumu. Sehemu zinazohitaji kitambaa ni masikio, shingo na kifua. Na sehemu hizo, isipokuwa ncha za juu za masikio, ziko nje ya kofia ngumu. Basi ugomvi wa mzula na kofia unaweza kumalizwa.

UVAE NINI CHINI YA KOFIA?

Vaa kitu chembamba, kilichobana kichwa, kisicho na vifundo. Kipimo rahisi ni hiki: unene usizidi fulana mbili zilizowekwa pamoja.

Vitu vinavyofaa ni hivi:

1. Mkanda wa masikio. Huu ni kitambaa cha kuzunguka kichwa, kinachofunika paji la uso na masikio. Juu hakina kitu. Kwa watu wengi huu ndio bora.

2. Kofia nyembamba iliyobana, isiyo na ukingo mgumu wala kifundo juu.

3. Mzula mwembamba uliokunjuliwa. Mizula mingi ina pindo chini. Pindo hilo hufanya unene kuwa mara mbili, tena mahali pale pale kofia inapokaza. Likunjue. Lishushe lifunike masikio.

Vitu visivyofaa ni hivi: mzula mnene wa sufu, mzula wenye kifundo cha nyuzi utosini, kofia yenye ukingo wa mbele mgumu na kifungo juu, na kofia ya kushona iliyo ngumu na yenye kusimama. Hizo zote huinua kofia ngumu. Zibebe mfukoni. Ukifika, vua kofia ngumu, uvae kofia yako ya heshima.

Juu ya aina ya kitambaa, sufu nyembamba ni nzuri sana. Sufu ikilowa bado hutunza joto. Pamba ikilowa jasho huwa ya baridi. Kama una fulana ya pamba tu, itumie, lakini ukifika ivue na kuianika. Usirudi nyumbani na kitambaa kilicholowa.

Waendesha baiskeli wa mashindano ya Ulaya wanajua jambo hili. Chini ya kofia ngumu huvaa kofia ndogo nyembamba ya kitambaa, na siku za baridi kali huvaa mkanda wa masikio. Zamani wengi wao hawakuvaa kofia ngumu kabisa. Waliona inawasumbua. Mwezi Machi mwaka 2003, mwendesha baiskeli Andrei Kivilev wa Kazakhstan alianguka katika mashindano ya Paris–Nice nchini Ufaransa, akafa kwa majeraha ya kichwa. Hakuwa amevaa kofia ngumu. Mwaka huo huo chama cha dunia cha mchezo wa baiskeli kilifanya kofia ngumu kuwa lazima katika mashindano yao makubwa. Wale ni watu wanaoendesha baiskeli kila siku ya maisha yao. Kama wao huanguka, na sisi tutaanguka.

SHONA MKANDA WA MASIKIO NYUMBANI

Huna haja ya kwenda mjini. Tafuta sweta jembamba la zamani linalovutika. Chukua mkasi, sindano, uzi na kipande cha kamba.

Hatua ya 1. Zungusha kamba kichwani, juu ya nyusi na juu kidogo ya masikio. Weka alama. Pima kamba kwa rula. Tuseme umepata sentimita 56.

Hatua ya 2. Toa 2. Unapata 54. Kata kitambaa chenye urefu wa sentimita 54. Upana uwe sentimita 10. Kitambaa kivutike kwa urefu, si kwa upana.

Hatua ya 3. Unganisha ncha mbili na uzishone. Kila ncha italiwa sentimita 1 na mshono. Mkanda utabaki na sentimita 52. Utavutika na kukubana vizuri.

Hatua ya 4. Fungua mshono, ulaze kila upande kwa sindano, ili usiwe na tuta. Tuta dogo la mshono likikandamizwa na kofia kwa saa nzima, huumiza kama kokoto ndani ya kiatu.

Hatua ya 5. Pindo la chini na la juu usilikunje. Lizungushie uzi tu ili lisifumuke.

Ukivaa, mshono ukae kisogoni. Mkanda ufunike masikio yote. Usiwe mnene sana masikioni. Ni lazima usikie honi ya lori linalokuja nyuma yako.

RUDIA KUPIMA KOFIA

Hapa watu wengi husahau. Kofia ngumu iliyopimwa kichwani bila kitu si lazima ikae sawa ukiongeza kitambaa. Vaa kitambaa kwanza, halafu ipime kofia upya. Fanya hivi kila msimu wa baridi unapoanza, na tena unapokwisha.

Kama kofia inabana, tazama kisogoni. Kofia nyingi za baiskeli zina kigurudumu kidogo cha kukaza na kulegeza. Kilegeze kidogo. Kama bado inabana, angalia zile sponji za ndani. Katika kofia nyingi za baiskeli, sponji hizo hubanduka. Bandua zilizo nene, uweke nyembamba. Zitunze zile nene. Baridi ikiisha utazirudisha.

Sasa pima. Kumbuka maneno haya matatu: VIDOLE 2, HERUFI V, KIDOLE 1.

VIDOLE 2. Weka vidole viwili juu ya nyusi zako. Ukingo wa kofia uguse hapo. Kama kuna nafasi ya vidole vinne, kofia imepanda sana. Kitambaa chako ni kinene.

HERUFI V. Mikanda miwili ya kila upande ikutane chini kidogo ya sikio, ifanye herufi V. Wote tuliojifunza kusoma tunaijua herufi hii.

KIDOLE 1. Funga mkanda wa kidevuni. Kidole kimoja kipite kati ya mkanda na kidevu. Vikipita vitatu, mkanda umelegea. Skafu isiwe kati ya mkanda na kidevu. Funga mkanda kwanza, skafu baadaye.

Kisha tikisa kichwa kama unayekataa jambo. Kofia isicheze. Isukume kutoka mbele kwenda nyuma. Isifunue paji la uso. Fumbua mdomo kama unayepiga miayo. Utasikia kofia ikivutwa chini kidogo. Hapo imekaa.

KINA MAMA NA KINA DADA

Kina mama wengi nao wanaendesha baiskeli kwenda shambani, sokoni na zahanati. Kilemba cha kitenge kina fundo. Fundo hilo likiwa utosini au kisogoni, kofia ngumu haikai. Lishushe fundo chini kabisa, kwenye shingo, chini ya ukingo wa kofia. Au tumia kitambaa chembamba kilicholala, bila fundo.

Dada anayevaa ushungi achague kitambaa chepesi, akilaze vizuri bila mikunjo mingi. Asitumie pini mahali kofia inapofunika. Pini chini ya kofia ngumu ni hatari wakati wa kuanguka. Ncha za ushungi zichomekwe ndani ya koti.

Nywele zilizosukwa na kukusanywa juu huinua kofia kama mzula mnene. Zifungwe chini, shingoni.

Na wote, wanaume kwa wanawake, angalieni ncha za skafu, kanga na kitenge. Zikining'inia huingia kwenye spoku au mnyororo. Zifunge ndani.

MAMBO YA KUEPUKA

Usichimbe povu gumu la ndani ili upate nafasi ya mzula. Wapo vijana waliofanya hivyo kwa kisu. Sponji hubanduliwa, lakini povu haliguswi. Ukilipunguza, umebaki na bakuli tu.

Usianike kofia ngumu karibu na moto jikoni. Najua asubuhi ina baridi, na mtu angependa kuvaa kofia yenye joto. Moto huharibu povu na gamba. Weka kile kitambaa karibu na moto, si kofia.

Usioshe kofia kwa petroli, mafuta ya taa wala dawa ya kuondoa rangi. Maji ya uvuguvugu na sabuni vinatosha.

Usivae kofia ya jaketi chini ya kofia ngumu. Ukigeuza kichwa, ile kofia ya jaketi haigeuki nawe. Utaangalia kitambaa badala ya kuangalia lori.

Usiweke simu kati ya kofia na sikio. Hakuna kitu kigumu kinachotakiwa kuwa kati ya kichwa na kofia.

Usitumie kofia ya mjenzi kwa kuendeshea baiskeli au pikipiki. Kofia ile imetengenezwa kwa ajili ya vitu vinavyodondoka kutoka juu. Haikutengenezwa kwa mtu anayeanguka barabarani.

Kofia ikishapata pigo kubwa, usiitumie tena. Povu likibonyea halirudi, hata kama gamba linaonekana zima. Ukinunua ya mtumba, chungulia ndani. Kama povu lina ufa, iache hapo hapo.

NA WANAOPANDA PIKIPIKI?

Kwa pikipiki, sheria inataka kofia ngumu. Iwe ya pikipiki, si ya baiskeli, kwa sababu kasi ni kubwa zaidi. Kanuni ya kitambaa ni ile ile: chembamba, kilicholala, bila fundo. Lakini kofia ya pikipiki usiitoe vitu vya ndani ili kupata nafasi. Kama inabana, tafuta inayokutosha.

Abiria wengi hukataa kofia ya bodaboda kwa kuogopa chawa na mapunye, kwani imevaliwa na watu wengi. Hofu hiyo ina sababu. Lakini dawa si kupanda bila kofia. Beba kitambaa chako chembamba mwenyewe. Kivae kwanza, kisha vaa kofia juu yake. Ukifika nyumbani, kifue. Kitambaa hicho kitakukinga na baridi, na pia na uchafu.

GAZETI KIFUANI

Nilisema kifua nacho kinahitaji kukingwa. Hapa kuna mbinu isiyogharimu hata senti.

Katika mashindano ya Tour de France, waendesha baiskeli hupanda milima mirefu sana. Mlima mmoja unaitwa Galibier. Barabara yake inafika mita 2,642, karibu sawa na Kitulo. Kwa miaka mingi, waendesha baiskeli wakifika kileleni walipewa gazeti na watazamaji. Walilichomeka kifuani, chini ya fulana, ndipo wakateremka. Karatasi huzuia upepo. Wakifika chini walilitoa.

Nasi tunaweza. Kunja gazeti, uliweke kati ya shati na sweta, mbele ya kifua. Unapopanda mlima fungua koti, jasho lipungue. Ukifika juu, simama, funga koti, weka gazeti, kisha teremka. Na mikononi vaa glavu, au hata soksi nzito za mitumba. Vidole vilivyokufa ganzi haviwezi kukamata breki.

Gazeti hili nalo linafaa kwa kazi hiyo. Ombi langu ni moja: kwanza lisome mpaka mwisho, kisha mpe jirani alisome. Kifua chako kiwe msomaji wa tatu.

Basi, ndugu yetu wa Makete, jibu lako ni hilo. Shusha kofia ngumu ukutani. Weka mzula mnene mfukoni. Vaa mkanda wa masikio, pima kofia upya, funga mkanda wa kidevuni, kisha skafu shingoni na gazeti kifuani. Maziwa yafike, nawe ufike.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja sehemu 4 za kofia ngumu ya baiskeli. Ni sehemu gani inayokula nguvu ya pigo?

2. Kwa nini mzula mnene huifanya kofia ngumu isifae?

3. Kichwa chako kina sentimita 58. Utakata kitambaa cha sentimita ngapi kwa mkanda wa masikio?

4. Eleza maana ya VIDOLE 2, HERUFI V, KIDOLE 1. Mwenye kofia ngumu katika kikundi aivae, wengine wampime.

5. Katika kijiji chenu ni watu wangapi wana kofia ngumu lakini hawaivai? Waulizeni sababu. Mtawasaidiaje?

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi shambani. Tutazungumza juu ya kukinga miche ya viazi na mboga isiungue kwa sakitu.

Wenu,
Bwana Shamba